Joto Lililofagiliwa

Mstari wa Mkurugenzi ulitundikwa mlangoni, juu kidogo ya kichwa cha mlinzi, ndani ya fremu iliyopakwa rangi ya dhahabu, ukafunikwa kioo usije ukapata vumbi la watu wa kawaida. Ulianzia chini kushoto ukapanda kulia bila haya, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba isiyo yake. Chini yake paliandikwa kwa herufi kubwa: PLAZMA IKIZIDI JOTO, REDIO YA ANGANI HUZIDI SAUTI. Mwiba alipita hapo kila asubuhi, na kila asubuhi alisonya.

"Umesonya tena," mlinzi alimwambia.

"Nimepaliwa."

"Kila siku unapaliwa mahali palepale?"

"Pana vumbi hapa kwenu."

Mwiba halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Lilikuwa jina la kazini, la idara ya mawimbi, na waliomwita hivyo walidhani wanamtukana. Yeye alilipokea kwa mikono miwili, akawa analitumia hata kwenye simu.

Jengo lile lilikuwa na kazi moja: kusikiliza redio isiyo na mtangazaji, isiyo na muziki wala matangazo ya vifo. Huko juu, mbali na ndege na mawingu, gesi imechomwa na jua hadi chembe zake zimepasuka, na elektroni zinazurura hovyo. Gesi ya namna hiyo ndiyo plazma. Mara nyingine mkondo wa elektroni zenye mbio hutoka juani, ukapenya ndani ya plazma na kuitikisa. Mtikisiko ukikua, hutoa mawimbi ya redio. Mengi ya mawimbi hayo hayafiki ardhini, maana tabaka la juu la hewa huyarudisha yalikotoka. Anayetaka kuyasikia hana budi kupeleka sikio huko huko. Sikio la kwanza lilikuwa satelaiti waliyoiita Mkubwa. Mkubwa alizunguka, akachoka, akaanguka na kuungua. Rekodi zake zilibaki. Juu ya rekodi hizo Mkurugenzi alichora mstari wake, na juu ya mstari wake akaweka kiti.

Sasa, idara ya mawimbi ilikuwa na desturi. Kila asubuhi kabla ya chai, karani wa kumbukumbu alifungua rekodi zilizoteremka, na zile ambazo redio ilikuwa kimya akazifuta. Waliita kufagia. Ilianza zamani diski zilipokuwa ndogo kama roho za wakubwa wa jengo lile, na nafasi ya kuweka kimya haikuwepo. Diski zikakua. Roho zikabaki vilevile, na ufagio nao ukabaki. Mgeni wa kazi akiuliza kwa nini, aliambiwa, "Kimya si data," kwa sauti ya mtu anayemkanya mtoto asichezee viberiti.

Ingekwenda hivyo hadi kiama, lakini Mkubwa alibeba vifaa viwili. Antena ya redio ilikuwa mali ya idara ya mawimbi. Kipimajoto cha plazma kilikuwa mali ya idara ya joto, ng'ambo ya korido, na idara hizo mbili hazikuwa zikisemeshana. Walikosania nini? Chumba. Chumba cha kona chenye dirisha kubwa, ambacho kila idara ilidai kiliahidiwa kwake. Watu wazima, wenye uwezo wa kukueleza yanayotokea jirani na jua, walikuwa wakipishana koridoni wakitazama dari kwa sababu ya dirisha. Basi ufagio wa mawimbi haukuwahi kuvuka korido, na rekodi za joto zilikuwa nzima, hazijaguswa.

Mwiba alivuka. Aliziomba rekodi za joto, akapewa kwa mashaka kama jasusi, akaziweka kando ya rekodi za redio. Aliona mapengo. Karibu kila mahali plazma ilipokuwa ya moto sana, joto lilikuwepo, redio haikuwepo. Haikuwa kwamba sauti ilikuwa ndogo. Hapakuwa na kitu, pamefagiliwa. Maana yake hapo redio ilinyamaza, na kimya kikatupwa. Zilizosalia katika moto ni rekodi chache ambazo mkondo wa elektroni ulikuwa na nguvu za kupindukia, ukapiga kelele kwa ubabe. Hizo chache ndizo zilizoupandisha mstari. Ni sawa na daktari anayeingia wodini, akawahesabu wale wagonjwa tu wanaoweza kuimba, kisha akatoka na kutangaza kwamba homa hunoa sauti.

Mkurugenzi alipoelezwa haya ofisini kwake alitabasamu kwa upole wa kutisha, akamuuliza Mwiba kama anapata usingizi wa kutosha.

Hilo lingeishia kuwa kichekesho cha korido kama si Mdogo.

Mdogo alikuwa satelaiti ya pili, amekamilika, anangoja kupandishwa. Na Mkurugenzi alikuwa ameamua kwamba safari hii ufagio uende naye. "Kwa nini tuteremshe takataka ndipo tuzifagie?" alisema. "Afagie huko huko." Programu itakaa kichwani mwa Mdogo: redio ikiwa kimya, hafungui mdomo. Hatumi joto, hatumi kitu. Hata taarifa ya afya yake, kwamba betri inaendelea vipi, ilipangwa ipande mgongoni mwa rekodi. Pasipo rekodi, hapana safari. Walisema ni kubana umeme. Walichofagia chini kilibaki na shahidi ng'ambo ya korido. Kitakachofagiliwa juu hakitaonekana na mtu tena, maisha yote ya Mdogo.

Mwiba alitaka jambo moja tu: Mdogo apande bila ufagio. Na mtu aliyeagizwa kuuandika ufagio huo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mkuu wa programu, tena mwenye nyumba ambayo Mwiba alikuwa akilala chumba cha nyuma.

Alimkuta sebuleni jioni ile, viatu kavivua, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Dada alikuwa anapiga pasi mbele ya televisheni iliyozimwa sauti.

"Shemeji," Mwiba alisema kabla hajakaa, "umeshamaliza kumziba Mdogo mdomo?"

"Habari za kazi, shemeji. Mimi mzima, asante."

"Sijakuuliza afya. Nimekuuliza dhambi."

"Jamani," Dada alisema, "nyumba hii haina satelaiti. Mnazivua mlangoni pamoja na viatu."

"Mumeo anaandika ufagio."

"Afadhali. Hapa nyumbani hajawahi kuushika."

Shemeji aliiweka soksi juu ya kiti kama mtu anayeweka silaha chini. "Mimi nimeagizwa. Kazi yangu ni kuandika ninachoagizwa. Kama mstari ni mbovu, mwenye mstari yupo."

"Unajua ni mbovu?"

"Najua nisichotakiwa kujua."

"Sikia huyo!" Mwiba alimgeukia dada yake. "Mwanamume mzima, ndevu hizo."

"Hebu nieleze na mimi," Dada alisema. "Maana mnagombana kama wenye kesi ya kiwanja na sioni kiwanja."

Mwiba alikaa kwenye mkono wa kochi, jambo ambalo Dada alikuwa amelikataza tangu wakiwa watoto. "Fikiria stendi. Watu wametulia, wanangoja. Mwizi akakatiza mbio katikati yao. Inakuwaje?"

"Vurugu. Kila mtu anageuka, makelele."

"Hiyo ndiyo plazma ya baridi, na mwizi ndiye mkondo wa elektroni. Makelele ndiyo redio. Haya, sasa fikiria stendi ile ile, lakini watu wote wanakimbia, huyu huku, yule kule, mbio karibu sawa na za mwizi. Mwizi akikatiza?"

"Nani atamwona?"

"Hakuna. Hiyo ndiyo plazma ya moto. Tena si kwamba haonekani tu. Hata vurugu ikijaribu kuanza, wale wanaokimbia nayo bega kwa bega wanainyonya nguvu, inakufa kabla haijakua. Joto linameza redio. Mkurugenzi kaandika linaipandisha, kaitia na fremu."

Dada aliligeuza shati. "Na wewe, baba, unalielewa hili?"

"Mke wangu, nalielewa. Na naelewa pia kwamba nikigoma nitamwaga unga. Unga wenyewe ndio huo anaoula shemeji yangu huyu, sahani mbili mbili."

"Moja na nusu," Mwiba alisema.

"Usibishane naye sahani, nimeziona," Dada alisema. Akachomoa waya wa pasi ukutani. "Ila mimi nashangaa. Hata pasi hii ina pa kuizimia. Ufagio wenu mtauzimia wapi?"

"Haujaagizwa kuzimwa," Shemeji alijibu.

"Sikukuuliza umeagizwa nini. Nimekuuliza pa kuzimia pako wapi."

Shemeji aliichukua soksi yake, akaitazama, akaivaa tena, ingawa alikuwa hatoki.

Mkutano wa kamati ulifanyika katika ukumbi wa juu, wenye meza ndefu na chupa za maji zilizopangwa kama walinzi. Mkurugenzi alikaa kichwani pa meza na kalamu yake ya taa nyekundu, ile anayoipenda kuliko jamaa zake, na kila aliyekuwa akiongea aliona nukta nyekundu ikimtembelea kwenye shati.

Mwiba hakuja pale akiwa peke yake, au ndivyo alivyodhani. Mkuu wa idara ya joto alikuwa amemshika mkono siku mbili nyuma, akamwambia kwa kunong'ona, "Uko sahihi kabisa. Tuko nyuma yako." Mwiba hajausahau mnong'ono ule mpaka leo. Ulinukia karafuu.

Aliwasha projekta, akaweka joto juu na redio chini, mapengo yakaonekana wazi kama meno yaliyong'olewa.

"Hizi ni saa za moto," alisema. "Kipimajoto kilikuwa macho. Antena nayo ilikuwa macho. Ilisikia kimya. Kimya hicho tulikifuta wenyewe hapa chini, kisha tukachora mstari kwa yaliyobaki. Sasa tunataka kuufundisha ufagio kuruka."

"Saa zisizo na redio si data," Mkurugenzi alisema. "Ni kimya."

"Kilipimwa, Mkurugenzi. Kisha kikatupwa."

"Binti, mimi nilipouchora mstari ule, wewe ulikuwa unajifunza kusimama."

"Na mstari nao ulikuwa unajifunza kusimama. Ninyi ndio mliokuwa mmeushika mkono."

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Nukta nyekundu ilimwendea kifuani, ikakaa hapo, kikohozi kikapona.

"Nauliza jambo moja la mwisho," Mwiba alisema. "Mkubwa alipokuwa kimya, tulijua ni mzima, kwa sababu kimya chake kilitufikia. Mdogo akinyamaza, hatatuma hata habari ya betri. Mtajuaje kama yu hai?"

Hapo walicheka. Walicheka wote, kile kicheko cha watu wanaoangalia kwanza uso wa bosi kama umeruhusu.

"Mdogo hatanyamaza," Mkurugenzi alisema akiwa amekunjua mikono kama anayebariki. "Nimempangia njia mimi mwenyewe. Atapanda hatua kwa hatua hadi kwenye plazma ya moto kuliko yote tuliyowahi kufika. Atapiga kelele mpaka mzibe masikio."

Wakapiga kura. Ufagio uende. Mikono iliinuka kama majani ya mgomba penye upepo, na mmoja wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mkuu wa idara ya joto. Alipotoka, Mwiba alimkuta koridoni akisimamia wahudumu wanaohamisha meza. Walikuwa wanaihamishia chumba cha kona.

"Hongera kwa dirisha," Mwiba alimwambia.

"Usichukulie hivyo."

"Nachukulia nilivyopewa. Angalia jua lisikupige kichwani. Nasikia joto huongeza kelele."

Mtu akijiuza kwa shamba, utasema alikuwa na njaa. Akijiuza kwa cheo, utasema alikuwa na tamaa. Yule alijiuza kwa pazia na kioo, akashukuru.

Mdogo alipandishwa salama. Siku za mwanzo alizunguka chini, kwenye plazma ya baridi, na kila mkondo ulipopita redio ilinguruma, na kila iliponguruma Mdogo alituma. Jengo zima lilitembea kifua mbele. Mkurugenzi alitoa mahojiano matatu akielezea mstari wake, na katika la tatu alisema "redio yangu". Mwiba alisoma gazeti lile akiwa amesimama kwa mlinzi, akasonya mara mbili, moja kwa ajili ya fremu na moja kwa ajili ya gazeti.

Ikakaribia siku ya Mdogo kuingia kwenye moto. Mkurugenzi aliita wageni. Chumba cha udhibiti kikaletewa viti vyenye vitambaa vyeupe, zulia likatandikwa juu ya nyaya, na spika kubwa zikafungwa ukutani ili waheshimiwa waisikie redio ya angani kwa masikio yao, imegeuzwa kuwa sauti. Ilikuwa mchana, saa ambayo watu wameshakula na wana subira. Mgeni mkuu, mama mmoja mheshimiwa mwenye miwani ya kamba, alikaa mbele na mkoba magotini. Shemeji alikaa kwenye kompyuta ya amri, shati lile lile lililopigwa pasi. Mwiba hakupewa kiti. Alisimama ukutani, jirani na ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

"Waheshimiwa," Mkurugenzi alianza, "mnachokisikia sasa ni plazma ya baridi. Kelele za wastani. Dakika chache zijazo Mdogo anaingia jikoni. Msishtuke."

Spika zilikuwa zinanguruma na kupiga miluzi, kama kundi la ndege waliomezwa na bomba. Mkurugenzi aliinua mkono kama kiongozi wa kwaya. Mngurumo ukapungua. Alishusha mkono, akauinua tena, labda alidhani hakuinua vizuri. Miluzi ikawa myembamba. Halafu ikakatika, na skrini kubwa ikabaki nyeusi, na katika chumba kile kilichojaa wasomi kikasikika kitu kimoja tu, tumbo la mmoja wa wageni.

"Mtambo unajipanga," Mkurugenzi alisema.

Ulijipanga sana. Wageni walitazama skrini, kisha viatu vyao, kisha skrini. Mafundi waliingia chini ya meza wakishika nyaya na kuziachia, wakatoka na vumbi magotini. Mama mheshimiwa alifungua mkoba, akaufunga.

"Mkurugenzi," Mwiba alisema kutoka ukutani, sauti ikawafikia wote, "kuna mambo mawili tu hapa. La kwanza: joto huongeza redio, kama tulivyoandika mlangoni. Mdogo yuko kwenye moto, hatusikii kitu, basi Mdogo amekufa. La pili: joto humeza redio. Mdogo yuko kwenye moto, amenyamaza, na ufagio wetu unatupa kimya chake. Basi Mdogo ni mzima kabisa na sisi ndio tuliomziba mdomo. Ama satelaiti imekufa, ama mstari. Tuambie ni yupi tumlilie."

Wengi mahali pale wangekwambia kwamba mtu mwenye akili zake, mwenye satelaiti ya umma mkononi, angechagua satelaiti iwe hai, mstari ufe. Wengi hawakumjua. Mkurugenzi alitazama skrini nyeusi, akatazama wageni, na usoni mwake ikaonekana hesabu ikifanyika, fupi sana. Akavua miwani. Akainamisha kichwa.

"Waheshimiwa," alisema kwa sauti ya msibani, "kwa masikitiko makubwa nawatangazia kwamba tumempoteza Mdogo."

Baadhi ya wageni walisimama. Mmoja alivua kofia.

"Sayansi ina wahanga wake," aliendelea, na sasa alikuwa amepata mwendo, mwendo wa mtu aliyezoea maikrofoni. "Vifaa vilikuwa imara. Njia ilikuwa sahihi. Nadharia, kama mjuavyo, haina shaka. Kilichotuangusha ni programu." Akageuka taratibu, na ile nukta nyekundu ikatoka mkononi mwake, ikavuka zulia, ikapanda meza, ikatua katikati ya shati la Shemeji. "Uchunguzi utafanyika. Aliyehusika atawajibika."

Shemeji aliitazama nukta. Aliitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyemwagiwa mchuzi kwenye shati jipya na anangoja kuombwa radhi. Kisha akamtazama Mwiba.

"Shemeji," alisema, "unga umeshamwagika, siyo?"

"Wote, shemeji. Mpaka gunia."

"Basi." Akavuta kibodi. "Pa kuzimia papo. Nilipaweka. Dada yako na pasi yake asingenipa amani."

"Usiguse kitu!" Mkurugenzi alisema. "Hujaidhinishwa!"

"Kuzungumza na maiti hakuhitaji idhini," Shemeji alijibu, akabonyeza.

Mkurugenzi, maana hakujua kufanya kingine, aliendelea na hotuba ya mazishi. Alikuwa amefika kwenye ujasiri wa marehemu, na jinsi marehemu atakavyokumbukwa na vizazi, skrini ilipowaka nyuma ya mgongo wake. Mistari miwili ilijichora pamoja. Wa joto ulikuwa juu kabisa, umegusa paa la grafu. Wa redio ulilala chini, tambarare, kama mtu aliyeshiba. Pembeni ikatokea taarifa ya afya: betri imejaa, vifaa vyote salama. Kwenye spika hapakuwa na mngurumo, ila mchakacho mwepesi kama wa mchanga.

"Samahani," mama mheshimiwa alisema, akielekeza kidole nyuma ya Mkurugenzi. "Marehemu anaandika."

Mkurugenzi aligeuka. Watu wa aina ile wakianguka huanguka kama paka, na Mwiba, aliyekuwa anamjua vizuri, alimwona akiwa bado hewani akitafuta miguu yake.

"Waheshimiwa," Mkurugenzi alisema, na sauti ya msibani ilikuwa imekwenda, imerudi ya harusini, "hiki mnachokiona ndicho tulichokuwa tukikitafuta miaka yote. Kimya! Plazma ya moto humeza mawimbi yake. Ni jambo ambalo jengo hili limelishuku kwa muda mrefu, na leo, chini ya uongozi huu, limethibitika."

Wakapiga makofi. Mkuu wa idara ya joto alipiga kwa nguvu kuliko wote. Mwiba hakupiga, alikuwa ameshika ukingo wa ndoo ya mchanga, na kama kucheka kungeruhusiwa kuua, angefia palepale.

"Ajabu," mama mheshimiwa alisema makofi yalipopungua. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anayekumbuka. "Maana nilipokuwa naingia, pale mlangoni juu ya mlinzi, nilisoma kinyume chake."

Mkurugenzi hakupepesa. "Mlango ule," alisema, "uko kwenye ukarabati."

Ufagio haukurudishwa. Hakuna aliyethubutu kuupendekeza baada ya siku ile, na Mdogo aliendelea kutuma kimya chake, saa baada ya saa, kimya kingi mno, chenye joto lake kamili kando yake. Mwiba alikisoma chote. Karani wa kumbukumbu alikaa asubuhi za kwanza mikono ikiwa magotini kama mgeni nyumbani kwake, hajui afanye nini kabla ya chai. Shemeji alipewa karipio kwa kutuma amri bila idhini na cheti cha shukrani kwa kumwokoa Mdogo, vyote vimetiwa sahihi na kalamu moja siku moja. Dada alivitundika sebuleni ukuta mmoja, akavinyoosha kwa kiganja, akasema sasa nyumba ina mapambo.

"Na mimi shukrani yangu iko wapi?" aliuliza. "Swichi ilikuwa ya nani?"

"Yako, mke wangu."

"Basi kuanzia leo pasi utashika wewe."

Kazini, fremu ilitoweka usiku mmoja, ikaacha mraba mweupe ukutani. Mwiba alipita chini ya mraba ule bila kusonya, na mlinzi akamuuliza kama amepona. Alisema labda. Wiki ile ile fremu ikarudi, dhahabu imepakwa upya. Ndani yake mlikuwa na mstari mpya: ulianzia juu kushoto, ukateremka kulia, umetulia, na kila nukta yake Mwiba aliitambua kwa sababu ndiye aliyeipima na kuichora kwa mkono wake mwenyewe. Chini paliandikwa kwa herufi zile zile kubwa: PLAZMA IKIZIDI JOTO, REDIO YA ANGANI HUFIFIA. Na chini zaidi, ndogo, kwa wino wa buluu, ilikuwapo sahihi ya Mkurugenzi.

Mwiba alisimama akaisoma, begi likimning'inia begani. Aliisoma mpaka mwisho, pamoja na sahihi. Kisha akasonya msonyo mrefu, wa kutoka tumboni.

"Haya, yamerudi," mlinzi alisema. "Umepaliwa tena?"

"Hapana," Mwiba alisema, akiingia. "Leo nimesonya."